Nyota Moja ya Daktari Mkude

Gozi moja, kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja cha mtu, ilitugharimu dakika arobaini na tatu, picha moja ya eksirei, nyota nne za daktari asiye na kosa, na nusura itugharimu mtoto wa miezi minane kutoka Haneti. Nimeanza na gharama kwa sababu nimekulia soko la Majengo, nyuma ya gunia la karanga la mama yangu. Kule mtu akikusifia mali kabla hajataja bei, shika mkoba wako.

Nimestaafu mwezi uliopita, baada ya miaka thelathini na moja ndani ya chumba cha upasuaji, mingi kati ya hiyo ikiwa ya watoto. Mliniaga vizuri. Mlinipa kitenge, mkanipa na saa ya ukutani, ingawa sijui mlidhani mstaafu anawahi wapi. Kisha mkaniomba niwaandikie wauguzi wapya jambo la kuwafaa. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Na mshahara mnaujua, ni huohuo wenu ukiwa umezeeka. Nitaandika nilichokifanya kwa mikono yangu, na kosa nililolifanya kwa mikono hiyohiyo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Eliwaza, mwanamke mfupi aliyefanya kazi akiwa amepanda kigoda ili aione meza ya upasuaji, na ole wake aliyekigusa kile kigoda. Alinifungulia trei ya vyombo. Mikasi, vibanio, vishikio vya sindano, vyote vidogo kama vya kupikia vya watoto.

"Sista, hivi si vya kuchezea?"

"Ni vya kuchezea. Kipoteze kimoja tucheze wote."

Kwa wiki tatu sikufanya kazi nyingine ila kuhesabu. Gozi zetu tulizikunja wenyewe na kuzifunga kwa uzi, tano tano, kabla ya kuzichemsha kwa mvuke. Sheria ya Sista Eliwaza ilikuwa kwamba fundo hufunguliwa, na gozi huhesabiwa moja moja, kwa sauti, watu wawili wakitazama: kabla daktari hajashika kisu, tena kabla tumbo halijafungwa, tena kabla ngozi haijashonwa. Hesabu huandikwa kwenye ubao ukutani ili kila mwenye macho aione. Nilipomuuliza kwa nini tufungue mafundo tuliyoyafunga wenyewe jana yake, alishuka kwenye kigoda, jambo ambalo hakulifanya bure.

"Fundo ni neno la mtu," alisema. "Hata kama mtu mwenyewe ni wewe. Hesabu gozi."

Kazi ya pili aliyonifundisha ni kupatana bei na watoto. Mtoto hapelekwi kwenye meza ile kwa nguvu, la sivyo anaingia analia na mtu wa dawa ya usingizi anakununia mpaka jioni. Nilikuwa na mvulana wa miaka mitano, mwenye ngiri, aliyeshikilia gari lake la makopo na kusema haliachi. Nikamwanzia na pipi moja baada ya kuamka. Akataka tatu. Nikasema moja na nusu. Akaniuliza nusu nitaikata kwa kitu gani. Nikamwonyesha mkasi. Tukamalizana kwa mbili, pamoja na gari kufanyiwa upasuaji na lenyewe: nililifunga bandeji tairi la mbele. Yule sasa ni fundi magari huko njia ya Mtera, na siku nilipompelekea gari la shemeji yangu hakunipunguzia hata senti.

Daktari Mkude alikuja nikiwa tayari nimeshazoea kudhani wapasuaji wote hupiga kelele. Huyu hakupiga. Ukimsalimia aliitikia kwa nyusi. Kabla ya kunawa mikono alisimama karibu na ukuta kama dakika moja, macho chini, na sisi tukanyamaza pamoja naye bila kuambiwa. Lakini vidole vyake! Nilimwona akiunganisha utumbo wa mtoto wa siku mbili, utumbo mwembamba kama tambi, na mkono wake ukawa kama haupo, kazi inajifanya yenyewe. Nimesimama na wapasuaji wengi. Mtoto wangu mwenyewe ningemlaza mikononi mwa huyo.

Sasa gozi.

Ilikuwa asubuhi yenye wagonjwa wengi. Mtoto wa kwanza alikuwa binti wa miaka miwili, Irene, baba yake ana duka la vipuri vya baiskeli pale Majengo. Mimi ndiye niliyefunga mafungu jana yake, na mimi ndiye niliyekuwa nesi wa vyombo. Mwenzangu wa kuhesabu naye alikuwa ameitwa mlangoni. Nikatazama mafungu manne, yamefungwa vizuri, fundo langu nalijua. Nikasema kwa sauti, "Gozi ishirini," nikaandika kwenye ubao. Nilihesabu mafundo.

Kazi ikaenda salama. Kabla ya kufunga tumbo tukahesabu, safari hii moja moja. Kumi na tisa. Tukarudia. Kumi na tisa.

"Tafuteni," alisema Daktari Mkude.

Tulitafuta kwenye ndoo, chini ya meza, ndani ya viatu vyetu. Yeye akapitisha vidole tumboni mwa yule mtoto, polepole, pembe zote, kisha akarudia. Akaagiza mashine ya eksirei iletwe; gozi zetu zina uzi unaoonekana kwenye picha. Picha ikaja safi. Mtu wa dawa ya usingizi akasema, "Daktari, picha ni safi, tufunge."

"Ubao unasema ishirini."

Basi akasimama pale, mikono imekunjwa kifuani, mtoto kafunikwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ndipo nilipokumbuka meza ile tunayofungia mafungu, nilivyoitwa jana yake nikiwa katikati ya fungu la mwisho. Nikamtuma mhudumu. Akarudi ameishika gozi kwa ncha ya vidole, imelala pale tangu jana, kavu, haina habari na mtu. Fungu langu lilikuwa na nne.

Daktari hakunitazama. Alisema tu, "Asante. Tufunge," akafunga. Dakika arobaini na tatu. Kisha akatoka mbio kwa sababu mtoto wa pili alikuwa hajala tangu usiku na sukari yake ilikuwa imeanza kushuka. Kwenye kitabu cha matukio niliandika: "Fungu lilikuwa na upungufu." Kana kwamba lilijifunga lenyewe.

Kilichonipita siku hiyo, na kikampita kila mtu, ni kwamba hakuna aliyetoka kwenda kumwambia baba yake Irene neno lolote. Tulimwambia itachukua saa moja. Ikawa karibu mbili. Alikaa kwenye benchi la nje akiuangalia mlango.

Miezi kadhaa baadaye uongozi uliamua kwamba kila Jumatatu tusome maoni ambayo wazazi wanayaandika mtandaoni kuhusu wapasuaji wetu wa watoto. Nikachaguliwa mimi kuyasoma mbele ya kikao. Walisema nina sauti na sina haya. Nikanunua bando, nikavaa miwani, nikayasoma yote mara mbili.

Nawaambieni, nilitegemea kukuta habari za upasuaji. Hakuna hata mmoja aliyeandika upasuaji aliouona kwa macho. Wangeandikaje? Sisi tunafunga mlango. Mama mmoja alitoa nyota tano kwa kivuli cha mwarobaini anapoegesha pikipiki. Mwingine alinyang'anya mbili kwa sababu mlinzi alimwita "wewe mama mnene." Mmoja aliandika kwamba daktari anakata vizuri sana, na kidonda chenyewe kilikuwa bado chini ya bandeji. Daktari Anwari, mwenzake Daktari Mkude, alikuwa na nyota kama anga la Kongwa wakati wa kiangazi: anaimba na watoto, anajua majina ya bibi zao, mfukoni ana vibandiko vya wanyama. Na kwa haki, ni mpasuaji mzuri vilevile. Ila hilo hakuna aliyeliandika.

Lakini msikimbilie kucheka. Niliporudia mara ya pili niliona kitu. Wazazi hawakujua tunachokifanya ndani, ila kila walichokiandika kuhusu nje kilikuwa kweli. Nani alisalimia. Nani aliinama akaongea na mtoto mwenyewe. Nani alitoka akasema "bado kidogo, anaendelea vizuri." Nje ndiko tulikokuwa hatujihesabu kabisa.

Na katikati ya hayo, nikaikuta hii, imeandikwa na Baba Irene, kuhusu Daktari Mkude: "Tumekaa nje kuzidi muda tulioambiwa, mtoto yuko ndani, hakuna wa kutuambia neno. Daktari alipotoka alitupita kama mawe. Sijui kama naye ana mtoto. Nimetoa nyota moja kwa sababu sifuri haipo."

Niliijua siku. Niliijua gozi. Na Jumatatu nikaisoma mbele ya kikao, kwa sauti yangu hiyo isiyo na haya, Daktari Mkude ameketi viti viwili kutoka kwangu, nami nikafunga karatasi nikanyamaza. Mkubwa wa kikao akasema, "Daktari, jirekebishe." Akaitikia kwa nyusi.

Nilimfuata koridoni. "Daktari, ile siku..."

"Gozi ilipatikana, Sista. Mtoto mzima. Yameisha."

Kumbe hayajaisha.

Alhamisi moja asubuhi waliletwa watu kutoka Haneti: mama kijana aliyembeba Yohana wa miezi minane, bibi yake mama huyo, na mjomba wa mtoto anayeitwa Masima, dereva wa bodaboda mwenye simu ya kupangusa. Mtoto alikuwa anatapika kijani, analia na kukunja miguu, halafu ananyamaza ghafla kama aliyechoka na dunia. Kwenye nepi kulikuwa na ute mwekundu kama juisi ya choya iliyoganda. Utumbo ulikuwa umejimeza, sehemu moja imeingia ndani ya nyingine kama mkono wa shati uliovuliwa vibaya. Hali hiyo haisubiri. Utumbo uliobanwa unakufa kwa saa, hauhesabu siku. Wodini walijaribu kuusukuma kupitia njia ya haja kubwa, bila kisu, ukakataa. Daktari Mkude alieleza kwa sentensi mbili, akaacha fomu ya ridhaa, akaenda kuandaa chumba.

Niliporudi na gauni la mtoto, fomu ilikuwa nyeupe vilevile. Mama mtu alikuwa tayari kusaini, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tunangoja mwingine."

"Mwingine nani?"

Masima akanionyesha simu. "Sista, huyu wenu ana nyota moja. Nimesoma. Tunamtaka huyu Anwari, huyu wa nyota tano."

"Daktari Anwari kasafiri. Atarudi Jumatatu."

"Basi Jumatatu," alisema bibi. "Mtama nimeungoja tangu mwaka jana, sembuse daktari."

"Bibi, mtama hautapiki."

Akanitazama juu mpaka chini. "Msomee," akamwambia Masima.

Akanisomea. Maneno yaleyale niliyoyasoma kwenye kikao, sasa kwa lafudhi ya Haneti, akayasoma vizuri kuliko mimi. Alipofika kwenye "kama mawe" bibi aliguna. Yohana alikuwa amenyamaza begani kwa mama yake, na ule ukimya haukunipendeza. Nimepatana bei na watu wa kila namna, na najua mtu akishikilia kitu anachokiogopa, huwezi kumpunguzia kwa maneno matamu. Lazima na wewe uweke kitu mezani.

"Bibi, hiyo nyota si ya daktari. Ni yangu."

"Yako vipi?"

Nikamweleza. Sikuficha: mafungu, fundo, dakika, ile gozi iliyolala mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kinywa changu kulisema. Masima aliacha kupangusa.

"Kwa hiyo mjinga ni wewe," alisema bibi.

"Ni mimi."

"Umehesabu kamba, hujahesabu mbuzi."

"Ndiyo, bibi."

"Na yeye akakataa kufunga?"

"Picha ilisema hakuna kitu ndani. Aliambiwa afunge. Akakataa mpaka ikaonekana."

Aliigeuza kalamu. Kisha akamgeukia Masima na kumwambia kitu kwa Kigogo, harakaharaka, na nilichokipata ni kwamba marehemu babu yao naye alikuwa hivyo, hafungi zizi mbuzi mmoja akikosekana, hata chakula kipoe, na wala hakuwa mtu wa kuchekacheka. Masima akasema, "Lakini bibi, hata kusalimia?"

"Hilo la kusalimia tutalidai."

Tukaanza kupatana. Sharti la kwanza: daktari aje amsalimie kabla ya kusaini. Nikakubali. La pili: uzi mweusi aliomfunga mtoto kiunoni usikatwe. Hapo nikagoma, ndani ya chumba kile haingii uzi usiochemshwa. Yeye akagoma. Nikasema utafunguliwa, hautakatwa. Akasema utakaa na mtoto. Nikasema utakaa chumba kilekile na mtoto, ndani ya mfuko safi, na utaandikwa ubaoni. Akafikiri. "Uandikwe kwanza."

Nilikwenda mbio kwa Daktari Mkude aliyekuwa ananawa, nikamfundisha njiani neno moja, salamu ya Kigogo. Alikuja ameinua mikono inayochuruzika maji, akasimama mbele ya bibi.

"Mbukwa, bibi."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mbukwa, mwanangu! Umeisikia redioni?" Naye Daktari, nawaapia, akatabasamu, na akainama akamwambia Yohana, ambaye hakusikia, "Tunakwenda kukunyoosha tumbo, bwana mdogo." Bibi akasaini kwa msalaba mkubwa uliotoka nje ya kisanduku.

Nilifungua kila fundo. Mimi na mwenzangu, moja moja, kwa sauti, kisha tukarudia. Ubaoni tukaandika: gozi ishirini, sindano nne, uzi wa bibi mmoja. Tulipofungua tumbo, utumbo ulikuwa wa zambarau iliyokolea. Daktari aliusukuma kwa vidole kutoka nyuma, hauvuti, anausukuma kama anayetoa dawa ya meno iliyobaki mwishoni, na ukatoka, inchi kwa inchi. Lakini ulibaki mweusi-mweusi. Ukiwa umekufa hukatwa, na mtoto aliyedhoofika vile hahimili mengi. Tukaufunika kwa gozi za maji ya uvuguvugu, tukasubiri.

Ndipo Daktari aliposema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake: "Mtu mmoja atoke awaambie tumefika wapi."

Akatoka mhudumu. Baadaye Masima alinieleza walivyoitwa, wote watatu wakasimama kama wanaosomewa hukumu, wakaambiwa, "Mtoto yuko hai, utumbo umetoka, tunautazama kama unarudisha rangi." Bibi akajibu, "Mwambie asiharakishe."

Daktari aliinua gozi. Palipokuwa zambarau palikuwa na wekundu wa kahawia. Akazirudisha. Alipoinua tena, wekundu ulikuwa umechangamka, na mshipa mmoja mdogo ukawa unadunda. Mtu wa dawa ya usingizi alishusha pumzi ambayo nadhani aliivuta tangu asubuhi. Hakuna kilichokatwa. Tukahesabu mara mbili: ishirini, nne, mmoja. Tukafunga.

Lakini upasuaji wa tumbo hauishi mtoto anapoamka. Unaisha anapojamba. Mnajua wenyewe, wodi nzima hungoja ule mlio kama wasafiri wanaongoja basi. Ijumaa nilipita, nikauliza, hakuna. Jumamosi si zamu yangu, nikapita. Nilimkuta bibi amekaa kando ya kitanda, uzi umerudi kiunoni juu ya bandeji, naye ana uso wa mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei nzuri.

"Amejamba," alisema kwa sauti ya kanisani. "Mara tatu. Ya tatu Masima alikimbia nje."

Nilikaa chini sakafuni, gauni langu safi na yote, nikacheka na machozi yakatoka. Mama yake Yohana akacheka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka bila kuuliza. Sijawahi kutua mzigo kama ule.

Tangu siku hiyo katika chumba chetu kuna zamu ya mtu anayetoka kila nusu saa kusema na ndugu walioko nje, na imeandikwa ubaoni chini ya hesabu ya gozi. Nyie wapya mmeikuta mkidhani imekuwapo siku zote. Msiiache. Na msihesabu mafundo.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maoni ya Baba Irene bado yapo. Ukitafuta jina la Daktari Mkude, ndiyo ya kwanza kuonekana. Najua wazazi wengine wameisoma wakageuka, na si wote walikuwa na mtu wa kupatana nao mlangoni. Wiki niliyostaafu nilimwambia Daktari kwamba sasa niko huru, nitaandika chini yake kilichotokea na aliyesababisha. Alikataa. Alisema, "Ukiandika, watasoma kwamba hapa gozi hupotea tumboni mwa watoto. Hawatafika kwenye sentensi ya pili. Niachie mimi nyota yangu." Na ana haki, nimeyasoma maoni yale mara mbili, najua watu wanavyosoma.

Kwa upande mwingine, Baba Irene hakuandika uongo hata neno moja. Alimtaja tu asiyehusika. Dukani kwake napita kila ninapokwenda sokoni. Irene huwa mlangoni na sare ya shule, anajaza matairi upepo, na baba yake hunisalimia vizuri sana kwa sababu siku ile nilikuwa na barakoa, hanijui. Juzi nilisimama mpaka akaniuliza ninataka kipuri gani. Nikanunua kengele ya baiskeli, na baiskeli sina.

Basi nishaurini, nyie mliobaki mle ndani na mnaomjua Daktari. Niandike na jina langu, nikivunja neno lake? Niingie dukani nimwambie baba yule uso kwa uso, nimwachie yeye aamue kuhusu nyota yake? Au ninyamaze kama nilivyonyamaza Jumatatu ile? Nipo nyumbani kila siku, chai ipo. Njooni mniambie, lakini mnijibu kama ambavyo mngependa kujibiwa mkiwa mmekaa kwenye lile benchi la nje.